Maji yamelegea ghafla bafuni: je, ninunue pampu?

Swali: Fundi, hujambo? Tunaishi Donholm, nyumba ya ghorofa moja, na tangi letu la lita 1,000 liko juu ya paa. Wiki iliyopita maji ya kampuni yalipotea mpaka tangi likakauka kabisa. Yaliporudi tangi lilijaa vizuri, lakini bafu la juu maji yanatoka kama uzi. Shawa ya umeme haiwaki, sinki inadondoka, hata choo kinachukua muda mrefu kujaa. Jikoni, huku chini, maji yako sawa. Fundi mmoja amekuja akasema presha imeisha, tununue pampu. Tununue?

Jibu: Sijambo, mama. Hizo pesa za pampu ziweke kwanza.

Presha ya maji ya tangi inatokana na kimo, basi. Kila mita moja kutoka usawa wa maji tangini hadi mferejini inakupa presha ya takriban bar 0.1 (bar ni kipimo cha presha). Kama maji yako mita mbili juu ya shawa, una bar 0.2, na ni hiyo hiyo mliyokuwa mkiogea mwezi uliopita bila malalamiko. Tangi halijashuka. Kwa hivyo presha haijaisha, kuna kitu kimebana njia, na pampu haizibui paipu. Ikifungwa baada ya kizuizi itakosa maji ya kuvuta, na nyingi huungua hivyo.

Kizuizi kiko wapi? Umeshanisaidia kujua. Ingekuwa ni shawa peke yake, ningekwambia uifungue usafishe kichujio chake. Lakini shawa, sinki na choo vimelegea siku moja, na si rahisi vyote vizibe kwa pamoja. Tatizo liko kabla paipu haijagawanyika, yaani karibu na tangi. Jikoni kukiwa sawa hakutuambii kitu, kwa sababu nyumba nyingi za Nairobi sinki ya jikoni hupata maji moja kwa moja kutoka laini ya kampuni. Hakikisha: funga valvu ya kutokea tangini kisha fungua mifereji yote mmoja mmoja. Ule unaoendelea kutoa kwa nguvu ni wa kampuni.

Mimi ninashuku hewa. Tangi likikauka, paipu nazo hubaki tupu. Maji yanaporudi huteremka na kuifungia hewa mahali paipu inapopanda kidogo kabla ya kushuka, kwa kawaida pale fundi alipoirusha juu ya mbao za paa badala ya kuizungusha. Maji ya kampuni yangeisukuma hewa hiyo mara moja. Ya tangi lenye kimo cha mita mbili hayana ubavu huo, yanapenya chini yake kidogo kidogo, na ndio huo uzi unaouona.

Kuitoa hakuhitaji fundi. Subiri siku ya mgao wenu, maji ya kampuni yakiwa na nguvu. Funga valvu ya shawa na mifereji mingine yote ya tangi, lakini ile valvu ya kutokea tangini iache wazi. Chukua mpira wa kumwagilia, upande mmoja uubane kwenye mfereji wa jikoni (ukishahakikisha ni wa kampuni), wa pili kwenye mfereji wa sinki ya bafuni. Fungua wa bafuni kwanza, kisha wa jikoni. Maji ya kampuni yatapanda kinyume hadi tangini. Mtu akiwa karibu na tangi atasikia likibwabwaja: hewa inatoka. Dakika moja au mbili zinatosha. Funga, na mpira uuondoe papo hapo. Ukiuacha na maji ya kampuni yakatike, yaliyo tangini yatarudi kwenye laini ambayo majirani wananywea.

Maji yasipobadilika, panda uangalie valvu iliyo chini ya tangi. Maji yakipotea watu huifungafunga, na hizi geti valvu za bei ya chini zina ugonjwa wake: kile kisahani cha ndani hukatika kwenye msumari wake kikabaki kimeshuka nusu. Ukizungusha gurudumu linakwenda tu, halikazi, na maji hayaongezeki wala kupungua. Hiyo hairekebishwi. Weka bol valvu (ball valve), ile yenye kipini kirefu. Kipini kikilala sambamba na paipu iko wazi, kikikatiza imefungwa, hata mtoto anaona.

Kuna pia matope. Tangi likifika mwisho, lile tope la chini huvutwa paipuni, na laini ya kampuni nayo ikijaa upya huja na kutu na mchanga. Kwa hivyo hata hewa ikishatoka, fungua ncha za mifereji na vichujio vyake uvisafishe. Chembe za mchanga utazikuta. Vyenye magamba meupe viloweke kwenye siki usiku kucha. Tangi lenyewe lioshwe.

Shawa yako haina kosa. Ndani yake kuna kiwambo ambacho lazima kisukumwe na maji ndipo stima iunganike. Maji yakilegea haiwaki, na ni heri, kwani koili ikiwaka bila maji ya kutosha huungua. Usiifungue kabla ya kuzima swichi yake kuu.

Siku moja huenda mkahitaji pampu kweli, hasa kama sehemu ya chini ya tangi haizidi mita moja juu ya shawa. Hata hivyo kuinua stendi ya tangi mara nyingi kunatosha, na stendi haili stima. Mkinunua, pampu ivute kutoka tangini. Fundi akitaka kuifunga kwenye laini ya kampuni mkatalie. Siku ya mgao mdogo itanyonya maji machafu kupitia kila ufa wa paipu iliyo chini ya barabara, na yataishia kwenye sufuria yako.