Gudulia la dukani: litiwe achari?

Swali: Assalaam alaykum, Babu. Nimerithi gudulia zito kutoka duka la marehemu babu yangu, Mji wa Kale. Juu ni kahawia, chini rangi ya maziwa. Begani limepigwa chapa ya 2, na karibu na kitako pana tundu la bilula. Ni la wapi? Mama ataka kutia achari ya ndimu. – Msomaji, Kisauni

Jibu: Waalaykum salaam, mjukuu wangu. Marehemu baba alikuwa na la namna hiyo dukani kwake Makadara, la siki. Wateja walikuja na chupa zao, nami ndiye niliyekuwa mfungua bilula.

Hiyo 2 ni galoni. Ziba tundu kwa gunzi, utie maji kwa chupa ya lita moja huku ukihesabu. Likimeza chupa tisa na tone, ni galoni za Kiingereza. Likijaa kwa saba na nusu, ni za Kimarekani. Mimi naona la Uingereza, kwa zile rangi mbili: mng'aro huo, ule utando kama kioo juu ya udongo, ulianzia mji wa Bristol miaka ya 1830, na haukuhitaji risasi, yale madini yenye sumu. Wafinyanzi wa kabla yake walirusha chumvi ndani ya tanuri, moto umepita nyuzi 1200, na chombo kikatoka na vijipele kama ganda la chungwa.

Maji yaache humo usiku kucha, gudulia juu ya gazeti. Udongo huo umechomwa hata ukawa jiwe, hautoi jasho kama mtungi wetu wa maji. Gazeti likilowa kwenye kitako, pana ufa.

Achari, hapana. Hilo la Bristol ni kisio langu tu; risasi haionekani kwa macho, na siki na ndimu huivuta ikiwamo. Tena chombo cha dukani leo kilitiwa siki, kesho mafuta ya taa, na ufa hushika harufu. Mama atumie chupa ya kioo.

Na tafadhali, kama lina karatasi iliyobandikwa, usiiguse. La baba nililimwagia maji moto karatasi ibanduke, nipate kulisafisha. Zilikuwa bei za siki kwa mkono wake mwenyewe, na mwandiko wake mwingine sina. Lako lifute kwa kitambaa kilichokamuliwa, karatasi uizunguke.