Wamisionari wazee na wikendi ya Moshi

Dada yangu, umeuliza kama ratiba ya wageni wako wamisionari kutoka Marekani, mume na mke waliopita miaka 70, imekaa sawa: Jumamosi kupaka rangi darasa, Jumapili maporomoko ya Materuni. Rangi waachie vijana. Wao wakae na wanafunzi, wawasomee, wasikilizwe. Materuni hapana, tafadhali. Kile kilima kinatesa hata magoti ya vijana. Wapeleke Hifadhi ya Taifa ya Arusha, twiga, mbega na maziwa ya Momella watavitazama wakiwa garini. Ila ibada ya asubuhi kwanza, na wabaki mpaka mnada wa sadaka, pale mazao yaliyotolewa kanisani yanaponadiwa! Wakinunua mkungu wa ndizi washarika watafurahi mno. Mlima Kilimanjaro waamshe alfajiri wauone, kabla ya mawingu.