Ripoti ya Umisheni Huandikwa Jioni Ileile

Ripoti nyingi za wainjilisti wa Malindi huharibika kabla hazijaandikwa. Mtu ametoka Marafa, Baricho, Chakama, amerudi amechoka, daftari hakuligusa. Tarehe 30 ikifika anaketi kukumbuka, na hapo watu 43 huwa 50, na maneno "wengi waliguswa" hushika nafasi ya habari.

Tenga dakika 10 kila jioni, kabla ya kulala. Daftari liwe moja, na mambo yaje kwa mpangilio uleule: tarehe, kijiji, mliokuwa pamoja, kilichofanyika, idadi, pesa zilizotoka, la kuombea. Mistari saba inatosha. Siku isiyo na kazi andika "hakuna", kwani nafasi tupu haisemi kama ulipumzika au ulisahau.

Andika vitu, si hisia. Mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, India, na barua yake ya mwaka huohuo ina faida hadi leo kwa kuwa inataja mambo yenyewe: mazishi ya mtu wa merikebu yao, mazungumzo na Mwislamu mheshimiwa wa mji.

Penye makosa mengi ni idadi. Mkutano wa jioni 3 wenye watu 60 kila jioni si watu 180. Andika mahudhurio ya kila jioni, kisha wageni wapya peke yao. Walioinua mkono, walioanza mafundisho na waliobatizwa ni safu tatu. Ukizichanganya, mwakani kanisa lililokutuma litauliza watu wamekwenda wapi, na haki yao kuuliza. Mvua za Aprili na Mei zikikata barabara na watu wakapungua, andika hivyo pamoja na sababu.

Bodaboda hawana risiti, basi beba kitabu cha vocha: safari, kiasi, sahihi. Ada ya M-Pesa ipewe mstari wake, maana mara nyingi ndiyo inayofanya hesabu zisikutane. Risiti za mashine hufifia kwa joto. Zipige picha siku hiyohiyo.

Kuhusu watu, tahadhari sana. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu imani ya mtu kuwa taarifa nyeti. Anayeuliza habari za Yesu kwa siri usimtaje jina, wala usitaje kijiji pamoja na kazi yake. Kijiji chenye fundi cherehani mmoja kitamjua mara moja. Ripoti iliyotumwa ng'ambo usiku kwa WhatsApp yaweza kuwa imerudi Malindi asubuhi. Picha ya mtoto ingoje idhini ya mzazi.

Tuma tarehe 3 ya kila mwezi, ukurasa mmoja, ukianza na yaliyojibiwa katika maombi ya mwezi uliopita. Kabla ya kutuma, mpe asome mmoja wa mliokwenda naye: yeye ndiye atakayeona namba iliyoongezeka.