Chuo kikuu kikongwe kuliko vyote si Oxford

Swali ni hili: je, Oxford ndicho chuo kikuu kikongwe kuliko vyote duniani? Hapana. Ni al-Qarawiyyin, mjini Fes, Moroko, mwaka 859. Kilianza kama msikiti wenye darasa zake, na mapokeo yanasema aliyekijenga kwa mali ya urithi ni mwanamke, Fatima al-Fihri. Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, nao wanakitambua hicho. Oxford ushahidi wa masomo unaanzia 1096, zaidi ya miaka 200 baadaye.

Ila swali likisema "cha kwanza Ulaya", andika Bologna, Italia, 1088. Tena wapo wanahistoria wanaoshikilia kuwa Bologna ndicho cha kwanza hata duniani, kwa sababu neno la Kilatini universitas lilikuwa na maana ya chama cha wanafunzi au walimu chenye haki zake kisheria, na al-Qarawiyyin kiliingizwa rasmi kwenye mfumo wa vyuo vikuu vya serikali mwaka 1963. Hoja yao ina uzito, lakini mimi sikubali kwamba mahali palipofundisha sheria, sarufi na elimu ya nyota kwa karne nyingi pakose sifa kwa ajili ya jina tu.

Haya tuliyapitia kwenye somo la historia ya elimu, na kilichonikaa zaidi ni habari za Bologna: wanafunzi ndio waliowaajiri walimu na kuwalipa, na mwalimu akichelewa kuanza kipindi, au akipitiliza muda, alikuwa akitozwa faini.