Redio au Kliaringi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 25, naishi Kisauni na mama yangu. Nina diploma ya uhasibu, lakini kinachoninyima usingizi ni kutunga, hasa nyimbo za taarabu za arusini. Waimbaji wawili wa hapa Mombasa huja kwangu kuagiza. Sasa nimepata kazi mbili kwa mpigo. Redio moja ya mjini yataka niandike matangazo ya biashara. Kampuni moja ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, yataka karani wa hesabu, mshahara pungufu kidogo. Rafiki zangu wanasema redio, ndiyo fani yangu. Mjomba anasema mtunzi wa kweli hakai ofisini. Tena kuna wimbo wangu uliagizwa, ukaimbwa msimu mzima, nami nikapewa doti moja ya leso na ahsante. Nifanyeje?
Mtunzi wa Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda kliaringi.

Rafiki zako wataniona mzee asiyejua mambo. Basi wasikilize. Mimi nimeuza vitambaa Barabara ya Biashara miaka mingi, huku natunga majina ya leso, yale maneno yanayochapwa juu yake, nyuma ya karatasi za risiti. Kupima mita na kurudisha chenji hakukugusa maneno yangu hata kidogo. Mwenzangu mmoja, fundi wa tungo kunishinda, alichukuliwa kuandika matangazo. Asubuhi aisifu sabuni, mchana unga, jioni mkopo wa benki. Akifika kwake hataki hata kuiona kalamu. Kisima ukikitekea wenzio kutwa, usiku utachota tope.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema unachotunga katika kazi uliyoajiriwa kuifanya ni mali ya mwajiri, ila kama mmepatana vingine. Ukipata mshororo mtamu ukiwa unaandika tangazo la mafuta ya kupikia, umekwenda na mafuta.

Sikudanganyi lakini, kliaringi nayo si mteremko. Kontena likifika bandarini lina siku chache za bure. Zikipita, ada ya kuhifadhi inaanza kuhesabiwa, na mwenye mzigo hulala hasemi na mtu. Kwa hiyo siku ya usaili uliza, tena bila haya: karani wa hesabu hubaki na vitabu vyake, au hutumwa pia kufukuzia mizigo? Wakikwambia "hapa sote twasaidiana", jua Jumamosi zako zimekwisha, na arusi za Mombasa ni za wikiendi. Hapo kazi hiyo iache, utafute nyingine ya namna hiyo. Kama ni vitabu tu, ichukue. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Likizo hiyo usiichukue Disemba kwa kufuata mkumbo. Iombe mapema iangukie Shaaban, watu wanapokimbizana kuozesha kabla ya Ramadhani, maana hapo ndipo waimbaji wako watakapokuganda.

Na foleni ya daraja la Nyali jioni utaijua mwenyewe. Tunga kichwani. Simu usiitoe dirishani, nakuomba.

Mjomba wako mpe salamu zangu, umuulize mshairi Muyaka bin Haji alikuwa akila nini. Muyaka wa Mvita, aliyefariki 1840, alikuwa mfanyabiashara. Mazrui, watawala wa Mombasa, wakipigana na Sayyid Said wa Oman, yeye akawa upande wa Mazrui, akijibizana na wapinzani wao kwa mashairi, na biashara yake iko palepale. Ila mashairi hayo tuliyapata kwa bahati: baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwa watu waliokuwa wameyahifadhi kwa moyo. Wewe usingoje Sikujua wako. Nunua daftari gumu, kila utungo uutie tarehe.

Daftari hilo litakusaidia mbele, lakini kwa ule wimbo uliolipwa leso nina habari chungu. Sheria ileile ya Hakimiliki inasema kazi iliyoagizwa haki yake humwendea aliyeagiza, ila kama mmepatana vingine. Mwimbaji wako aliagiza, nyinyi hamkuandikiana. Usende kwake na ugomvi, nenda na wimbo mpya, na kabla hujaufungua mpe karatasi atie sahihi: "Utungo huu ni wangu mimi fulani. Namruhusu fulani kuuimba arusini. Akitaka kuurekodi tutapatana malipo." Nakala moja kwake, moja kwako. Akikataa, funga daftari, mwandalie chai, aende zake. Kila utungo ambao haki yake imebaki kwako ni wako maisha yako yote, na warithi wako miaka 50 baada yako. Na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, husajili ukitaka ushahidi zaidi.

Redio usiwaache wakingoja. Mpigie meneja mwenyewe, umshukuru, umwambie umepata kazi kwengine. Siku wimbo wako ukirekodiwa, ni yeye utakayemwendea aupige.