Jibu: 5G na miwani ya VR kwenye eneo la tukio

Mkuu, umeuliza kama mtaalamu aliye mkoa mwingine anaweza kukagua eneo la mauaji kwa miwani ya VR (inayomwonyesha mvaaji eneo kana kwamba yupo pale) na mtandao wa simu wa kasi wa 5G. Anaweza, ila VR na 5G zina kazi mbili tofauti.

VR imeshafika mahakamani bila 5G. Polisi wa jimbo la Bavaria, Ujerumani, walipima kwa leza majengo yaliyobaki Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, wakaongeza picha na michoro ya zamani, wakaijenga upya kambi kwenye kompyuta, hadi miti pale ilipokuwa. Ukivaa miwani unasimama kwenye mnara wa mlinzi na kuona alichoweza kukiona yeye. Modeli hiyo ilitumika mjini Detmold mwaka 2016 katika kesi ya Reinhold Hanning, aliyekuwa mlinzi wa kambi. Alihukumiwa miaka 5. Kwangu hii ndiyo faida kubwa: mtu akidai hakuona kitu, dai lake linapimika.

5G inasaidia ukitaka ukaguzi wa moja kwa moja. Vipimo vya leza vya nyumba moja ni magigabaiti mengi, na picha ikichelewa kufuata kichwa zaidi ya takriban milisekunde 20, mvaaji huanza kusikia kichefuchefu.

Ninachokihofia zaidi ni faili la vipimo kuchezewa njiani. Heshi yake (alama ya kidijitali inayobadilika faili likiguswa) ikokotolewe palepale kwenye tukio na kuandikwa kwenye fomu ya vielelezo kabla ya kutuma. Wakili wa utetezi ataanzia hapo, na ni haki yake. Sehemu yoyote ya modeli iliyojazwa kwa kukisia nayo iwekewe rangi tofauti, hakimu aione.