Meli ya manila inachanika kwenye plota

SWALI: Fundi, shikamoo. Nipo Ujiji, nakata picha za manila kwa wembe na kuziuza kwenye fremu. Nimechora MV Liemba kwa kalamu, jina lake nimeliweka chini, nikaipiga picha kwa simu na kuipeleka kwa wakata stika za magari. Karatasi ilichanika, mistari ikatoka miwilimiwili, matumbo ya B na A yakadondoka. Mbaya ni mashine au mchoro?

JIBU: Marahaba. Kuchanika ni mashine. Mengine ni mchoro.

Ukikata kwa mkono unaamua palepale kipi kibaki. Plota, yaani hiyo mashine ya kukata stika, haiamui, inafuata kila mpaka wa nyeusi na nyeupe. Mstari wa kalamu una kingo mbili, nayo imezikata zote. Chora upya kama kivuli: paka wino kila kitakachobaki karatasi, acha nyeupe kitakachotoka. Kisha weka kidole ukingoni mwa karatasi ukitembeze juu ya weusi tu. Usipofikia, patadondoka. Tumbo la B halifikiki, kwa hiyo liachie daraja la milimita 2 hivi, kama herufi za kupulizia rangi kwenye magunia. Madirisha ya duara yaache, hayo yanatakiwa kutoka. Angalia zaidi moshi, maana wengi huuchora ukielea mbali na dohani. Liemba halisi ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa 1924. Ya kwako itazamishwa na moshi.

Mchoro ugeuze kuwa mistari kwa Inkscape, programu ya bure. Mlingoti na sitaha vikiwa maumbo mawili yaliyopandana, viunganishe viwe umbo moja, la sivyo wembe utapita hata kwenye mpaka uliojificha. Nukta za ziada zipunguze. Ndizo zinazofanya mikunjo itetemeke.

Sasa plota. Stika ina karatasi ya mgongoni inayobaki nzima. Manila haina, na wembe wa plota unaburuta. Ibandike kwenye plastiki ngumu yenye gundi hafifu (gundi ikikaza, iguseguse kwa kitambaa safi). Mwambie fundi aweke wembe mpya, ncha izidi unene wa manila kidogo sana, mwendo upungue, matundu ya ndani yakatwe kabla ya ukingo wa nje. Ajaribu kwanza pembetatu ndogo pembeni. Pembe zikitoka butu au na mikia, kipimo cha ncha kubaki nyuma ya kitovu cha kishikio cha wembe hakijakaa sawa. Kwa nyembe nyingi ni karibu milimita 0.25. Mwisho kunja plastiki uitoe kwenye karatasi. Ukivuta karatasi, itajikunja.

Ila kwa picha moja ya fremu, mimi ningebaki na wembe wa mkono. Plota inalipa ukipata oda ya kadi nyingi za aina moja.